Zamu ya Maji

Kocha Mringi hakunifokea. Afadhali angefoka.
Alikaa juu ya kreti la soda, akachora vumbi kwa kijiti,
akasema: Jumamosi anaanza Elingaya.
Wewe utakuwa zizini.

Alituambia wenye mchezo wao hupaita zizi la mafahali.
Sisi mafahali hatukuwaona. Tuliona seng'enge,
choo cha shule, benchi la miguu mitatu na tofali,
na warushaji wa akiba wakingoja kuitwa.
Niliwahi kupacheka.

Misimu mitatu nilianza mimi.
Saa tatu asubuhi, mlima haujajifunika,
napanda kile kilima chetu cha udongo pale Pasua,
kimo chake sufuria ya pilau,
na mpira mkononi haujaonja jasho la mtu.
Nilijiona mwenye vilima viwili.

Mwaka huu mkono ukaanza kunidanganya.
Mzunguko wa kwanza, safi. Wa pili, safi.
Wa tatu mpira unaning'inia kama parachichi,
na vijana wa Arusha wanalichuma kwa rungu.
Aminieli, mdakaji wangu, alikuwa akinijia kilimani,
anaziba mdomo kwa glavu, ananiuliza: Habari za nyumbani?
nisije nikaona uso wake.

Zizini nilimkuta Shafii, wa mkono wa kushoto,
mtu wa karanga.
Usipashe mapema, alisema. Bega ni kiberiti,
njiti zake zinahesabika.
Nilipasha mapema. Mipira hamsini kwenye gunia la mahindi.
Mechi ikaisha sijaitwa.
Nilipanda kwenda Uru nimebeba uchovu
wa kazi ambayo sikuifanya.

Mama hakuuliza matokeo.
Alisema: Lala mapema, tuna maji saa nane.
Zamani zamu yetu ya mfereji ilikuwa alfajiri,
baba alipokuwa hai na sauti kwenye kamati.
Sasa ni usiku wa manane, na ni saa moja tu.

Basi nikashika tochi.
Mama aking'oa kizibo cha magome ya mgomba,
maji yakaja meusi, yakiongea peke yake.
Sikumwona akinywesha shamba.
Alikimbia na jembe, miguu mitupu,
kwenye mgomba ule wa pembeni, kisha ule wenye mkungu,
mingine akaipita kama hamjui mtu.
Mulika huku! Mulika huku, wewe!
Saa ilipokwisha alifunga, jirani akawa ameshafika,
na ng'ombe ndani ya banda, asiyejua malisho
tangu azaliwe, akatikisa kengele mara moja.

Jumamosi. Mzunguko wa saba.
Vituo vyote vitatu vina watu, tunaongoza kwa mmoja,
na bega la Elingaya limeanza kushuka. Nalijua bega hilo.
Nilikuwa nimerusha mipira tisa tu kwenye gunia.
Kocha akanyoosha mkono kuelekea zizini.
Shafii akaendelea kutafuna. Ni wewe huyo, akasema.

Sikujua uwanja ule una hatua nyingi hivyo.
Mlima ulikuwa umeshaingia ndani na kufunga mlango.
Elingaya alinipa mpira bila kunitazama,
mpira wenye tope, wenye joto la kiganja chake,
ana miaka kumi na minane na kidevu kinamcheza.
Nikaziba mdomo kwa glavu.
Habari za nyumbani? nikamuuliza.
Akacheka, akakasirika, akaondoka.

Mpigaji wao alikuwa jitu la kutoka Ngaramtoni.
Kulikuwa na wengine tisa nyuma yake wa kuhofiwa.
Sikuwahofu. Hao hawakuwa migomba yangu.

Mipira sita.
Akazungusha rungu, akazungusha hewa,
akaondoka akiongea peke yake.

Mzunguko wa nane kocha alimwita mwingine.
Nilirudi benchini, upande wa tofali.
Shafii alikuwa ameniwekea karanga.
Chache.